Ngumi ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo nimelificha tangu ujana wangu, na naliandika sasa kabla mkono haujaikataa kalamu. Siku mdogo wangu alipovunjika mguu kule msituni, sikuonyesha kidole. Nilionyesha ngumi.

Basi. Limeandikwa. Dari haijaanguka.

Maana yake anaijua mpanda pikipiki wa msituni tu, na wengi wa enzi zetu wameshatangulia. Najieleza mwenyewe, kwa kuwa akili nayo siku hizi inatoka matembezi bila kuaga. Kwenye njia nyembamba, ukikutana na mwenzio anakuja, unanyanyua mkono wa kushoto — wa kulia uko kwenye mafuta — unamwonyesha kwa vidole wangapi wako nyuma yako. Vidole viwili, watu wawili. Kidole kimoja, mtu mmoja, mngoje. Ngumi: mimi ndiye wa mwisho, njia ni yako.

Fundi, rafiki yetu wa karakana, alikuwa anapanda mlima. Mimi nateremka. Mdogo wangu yuko nyuma yangu. Ngumi. Wakagongana uso kwa uso pale tulipopaita Shingoni.

Lawama zikamwangukia Fundi. Alikatazwa kuingia msituni, na hajaingia tena. Amezeekea nje ya lango.

Leo amekuja kunitazama, kama kawaida yake, akanikata kucha. Alianza na mkono wa kushoto. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaishia kuomba maji.

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu ameingiza pikipiki yake uani, chini ya dirisha langu. Matairi yenye meno, matope mpaka kwenye taa. Binti yangu akatoka na ufagio mkononi.

"Wewe mtoto utaniua kabla ya babu yako." Kisha akaziba mdomo, akachungulia dirishani kuona kama nimesikia.

Nimesikia. Nimecheka mpaka kifua kikaniuma.

Ile harufu! Petroli, na matope yanayokauka juu ya injini ya moto. Nimekaa nayo asubuhi yote, blanketi magotini, kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa zamani.

Tulianza kama mbuzi walioingia shambani. Kila mmoja anapita anapotaka, vijito vinageuka rangi ya chai, wanaotembea kwa miguu wanarukia vichakani wakitutukana, na haki walikuwa nayo. Ofisi ya misitu ikasema itafunga. Msitu ni wa umma, walisema, si uwanja wenu wa michezo. Ndipo nikaombwa niandike sheria, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa jiografia na nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliziandika shuleni, chumba cha ramani, mlango nimeufunga.

Usitoke njiani. Ukikuta dimbwi, pita katikati, usilizunguke, maana kila anayelizunguka anaipanua njia kwa upana wa tairi moja. Kijito kivukie kivukoni, kikate, usikifuate. Mvua ikinyesha sana jana, leo kaa nyumbani usafishe plagi. Anayeshuka humpisha anayepanda. Ukikuta watu kwa miguu, zima, salimia, subiri wapite. Kwenye njia panda mngoje aliye nyuma yako mpaka umwone. Na vidole.

Mdogo wangu, ndugu yangu wa toka nitoke, alizisoma huku anatafuna mkate. "Kaka, huku tunaendesha pikipiki au tunaingia maktaba?"

Tulimwita Radi. Alikuwa amechomoa sailensa kwenye eksozi yake makusudi, ili miti ijue anakuja. Sauti ile ningeitambua hata nikiwa usingizini.

Alhamisi, 6 Machi

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo. Nasubiri uanze wewe, nikuzike vizuri."

"Basi tutasubiriana sana."

Ndivyo Fundi anavyoingia chumbani kwangu. Hajawahi kubisha hodi. Akaweka kofia yake juu ya dawa zangu, akaenda moja kwa moja dirishani kuitazama pikipiki ya mjukuu. Haikupita dakika yuko uani, amechuchumaa kwa taabu, anakwangua matope ya tairi kwa bisibisi.

"Hili tope jekundu ni la kule mlimani Mgongoni," nikamsikia. "Hili jeusi umevuka kivukoni. Maji yamejaa?"

"Yamejaa, babu Fundi. Yalifika kwenye buti."

"Na lile gogo la kuvukia bado lipo?"

"Gogo gani?"

Akarudi kukwangua. Gogo lile tulilibingirisha sisi wawili na Radi, siku nzima, tukarudi nyumbani migongo imekakamaa kama mbao. Limeoza zamani, nadhani. Yeye bado yuko nalo.

Hivyo ndivyo Fundi alivyoishi na msitu miaka yote: kwa matope ya matairi ya wenzake. Karakana yake iko mkabala na lango. Kila pikipiki inayoingia anaikaza nati, kila inayotoka anaiuliza habari. Hata sisi tuliokuwa tukiingia, tulimletea. Mimi nilimletea! Nilikuwa natoka msituni nimejaa furaha, namsimulia mwinuko fulani umelainika, yeye anatikisa kichwa na kufuta mikono kwa tambara.

Mjukuu akamwambia aje ajionee mwenyewe.

"Mimi nimefungiwa, mwanangu."

"Na nani?"

"Bwana Misitu."

"Yupi? Wa sasa ni kaka mmoja hivi, tena mcheshi."

"Wa wakati ule."

"Si ameshakufa huyo?"

"Amekufa yeye. Neno lake halijafa."

Alipoingia kuchukua kofia nikamwambia, Fundi, kaa nikwambie kitu. Akakaa. Binti yangu akaleta supu. Fundi akasema usiongee na supu ya moto mdomoni, Mwalimu, utaungua, na akaanza kunilisha. Nimelishwa supu na mtu niliyemfungia msitu. Niliimeza yote.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nina nguvu kidogo. Naiandika siku yenyewe.

Bwana Misitu alitaka kuona kama sheria zangu zinafuatwa. Alikuwa mtu mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwenyewe alijua kuendesha. Asubuhi alisimama langoni akasikia Radi anapasha injini. Akakunja uso. Akaniambia mbele ya wote: nikisikia kelele ile ni ya mtu wako, Mwalimu, lango hili nitalifunga leo hii.

Nikacheka kicheko cha mtu aliyebanwa. Nikasema hapana, bwana, watu wangu ni watu wa utaratibu.

Tukagawana. Fundi amwongoze Bwana Misitu kwa chini, mimi nipite juu, tukutane katikati. Radi nilimwambia arudi nyumbani. Hakurudi. Alinifuata, akanipata kwenye njia panda juu ya Mgongoni, anacheka, matope mpaka menoni. Alikuwa ametoka kukata katikati ya bwawa la nyasi, pale pale nilipopapiga marufuku. Tukagombana. Nikamwambia maneno ambayo kaka hamwambii mdogo wake. Akasema sawa, kaka, mimi napita njia ya kijito, wewe nenda na utukufu wako.

Nikaondoka. Sikumngoja kama sheria yangu inavyosema, kwa kuwa nilijua ameshika njia ya kijito.

Nilifika juu ya Shingoni, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine. Nikamwona Fundi anapanda kutoka chini. Nikampisha, nikaweka frii, nikasimama ubavuni. Akanyanyua kidole kimoja: nyuma yake yuko Bwana Misitu. Nami nikanyanyua ngumi. Sikuwa na mtu, nilidhani. Nilikuwa nimemsahau mdogo wangu kwa hasira. Fundi akaongeza mafuta kumaliza mlima. Radi akatokea konani nyuma yangu.

Kilichofuata ni vyuma. Siandiki vyuma.

Nilimkuta Radi amelala, buti limeangalia kusikotakiwa. Nikamkumbatia. Bwana Misitu akafika, akauliza imekuwaje. Nikasikia sauti yangu: "Nilimwonyesha kidole! Nilimwonyesha kidole!"

Fundi alikuwa amekaa chini, damu puani. Akanitazama. Akasema, "Sikuona."

Ndiyo hayo. Radi alipona, mguu ukawa mgumu kama mpini. Hakupanda tena. Bwana Misitu aliisoma ajali yote kwenye neno moja la Fundi: mtu asiyetazama vidole hafai kuingia msituni. Kelele za asubuhi hakuzitaja tena mbele ya mguu ule, na sheria zangu akazisifu. Lango likabaki wazi kwa wote ila mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Binti yangu ananisomea gazeti kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi. Mimi si kiziwi, nilikuwa mbali tu.

Nilikuwa karakanani kwa Fundi enzi zile, Radi yupo, kigoda chake pale karibu na pipa la oili chafu. Baada ya ajali alihamia pale kabisa. Kutwa anakabidhi spana na kumsimanga mwenyeji wake.

"Fundi, mteja yule anakuonyesha kidole. Angalia usije ukamvunja mguu."

"Huo mmoja ulitosha, sikupata hata nyama ya supu."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nami nacheka nao. Radi aliondoka duniani kwa mapafu, mzee mwenye mvi, akiamini rafiki yake hakutazama vizuri na kaka yake alimhesabu. Alimsamehe Fundi kila siku, kwa utani. Mimi hakuwahi kunisamehe, maana hakujua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia.

Fundi alikuwa ameshika kidole changu gumba, mkasi wa kucha uko tayari. Nikasema: Fundi, siku ile Shingoni nilionyesha ngumi.

Akakata kucha. Akapuliza vumbi lake. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliiona. Ngumi ya mkono wa kushoto, glavu ya kahawia yenye kiraka. Macho yangu yalikuwa mazima, Mwalimu. Hata leo naingiza uzi kwenye sindano."

Nikamuuliza, kwa nini basi. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka chini ya benchi.

"Ulikuwa umemkumbatia mdogo wako unalia. Ningesemaje, 'Muongo huyo'? Halafu ningesema ni ngumi, Bwana Misitu angefunga msitu. Mwenye sheria mwenyewe kazivunja. Tungekosa wote. Nikaona akose mmoja."

"Miaka yote hii, Fundi."

"Ulisahau, bwana. Mligombana, akili ikaruka. Mtu anasahau. Mimi nishawahi kumrudishia mteja pikipiki bila breki ya mbele." Akashika kidole kinachofuata. "Lete."

Nililia mbele yake bila haya. Akaniambia nisitikise mkono, atanikata nyama.

Baadaye mjukuu alipiga simu ofisi ya misitu, tukamsikia anacheka. Huko hakuna marufuku ya aina hiyo, wala hawajawahi kuisikia. Mzee aje hata leo, wamesema, ila afuate sheria. Sheria zipi? Zile za ubaoni pale langoni. Zangu! Fundi aliweka kofia magotini. Kisha akauliza kama Jumapili njia zitakuwa zimekauka.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala fofofo. Binti yangu anasema rangi imerudi. Anauliza nimekula nini.

Pikipiki ya Fundi ipo, kumbe. Chini ya turubai, nyuma ya karakana. Mjukuu ameiona: imepakwa mafuta, mnyororo unang'aa, tangi limefutwa. Fundi alikuwa akiiwasha mara kwa mara, anaisikiliza, anaizima, anaifunika. Hakuna aliyejua.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Fundi na mjukuu walijiandaa uani. Fundi atatangulia, mjukuu nyuma. Nilikuwa nawasikiliza kama redio.

"Ukifika njia panda?"

"Nasubiri mpaka nimwone aliye nyuma."

"Siyo umsikie. Umwone. Na ukikutana na mtu?"

"Vidole."

"Vizuri. Hata babu yako aliyeziandika alisahau siku moja, binadamu ni binadamu. Alisahau tu. Usimchukie kwa hilo."

"Simchukii, babu Fundi. Mbona hata hachukiki, mzee wa watu."

Wakacheka. Sikucheka.

Alisahau tu. Nimefungua kurasa za nyuma, nimesoma niliyoandika Jumamosi. "Nilidhani." "Nilikuwa nimemsahau." Nimeandika hivyo humu, ambamo hakuna asomaye ila mimi. Nimejidanganya kwa mwandiko mzuri.

Nimesamehewa kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya bado liko nami, na mtu huyo keshokutwa atapita Shingoni akiniwazia mema.

Dawa ya usiku nimeikataa kwanza. Nataka kichwa kiwe wazi.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi. Jua, baridi kidogo, siku nzuri kabisa ya msitu. Siku kama hizi tulikuwa tunakutana langoni kabla umande haujakauka, Radi anagawa mkate alioubeba ndani ya jaketi, mkate una ladha ya petroli, tunaula hivyo hivyo.

Fundi ameingia bila hodi. Jaketi la zamani, limembana tumboni. Helmeti imechunika rangi. Alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Binti yangu akamwambia, baba mdogo, ukianguka huko usije kulala kwangu, kitanda kina mtu. Akamjibu tutabanana.

Akanishika mkono wa kushoto kuniaga. "Nikuletee matope ya wapi?"

Nikasema, kaa.

"Nitakaa nikirudi. Mtoto ameshawasha."

"Kaa sasa, Fundi. Ukipita pale kabla hujasikia, nitakuwa nimekuibia na hiyo safari."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akavua glavu moja. Nikamwambia yote, sauti yangu ni ndogo siku hizi, ikabidi ainame. Sikutafuta maneno ya kunipamba. Alisikiliza macho yakiwa kwenye kucha zangu. Nilipomaliza alisimama. Akavaa glavu, akaweka mkono wangu juu ya blanketi taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha wenyewe mahali pake, akatoka.

Sasa naandika huku nawatazama dirishani. Pikipiki ya mjukuu inanguruma. Mjukuu anamwita, babu Fundi, twende, jua linapanda. Yeye amesimama kando ya yake, helmeti mkononi. Hajavaa. Hajawasha. Hajaondoka. Mara moja amegeuka kuangalia huku dirishani, nami nikajikuta nimenyanyua mkono wa kushoto, sijui niufungue au niufunge.

Nilichomwambia ni hiki. Sikumsahau mdogo wangu. Hakupita njia ya kijito, hakuwahi hata kusema atapita huko, hilo nimelitunga mimi. Nilipompisha Fundi pale Shingoni, nilikuwa naisikia ile eksozi nyuma yangu inakaribia kona. Nikaona kofia ya Bwana Misitu inatokeza kule chini. Nikakunja vidole ili asijue kwamba yule ni wangu.